Tamko la Vifaa vya Maabara

Wateja walimwita Kijani, kwa kuwa mizigo yake ilipita njia ya kijani ya forodha, ile isiyofunguliwa wala kuulizwa swali. Miaka ishirini na miwili ya uwakala ilikuwa imemfundisha kwamba bidhaa haina tabia yake yenyewe. Tabia yake ni ile iliyoandikwa kwenye tamko, hati ya forodha inayotaja mzigo ni nini.

Kwa hiyo, ndege ilipoishusha dawa ya mdogo wake wa kike siku ya Jumatatu, hakufikiri sana. Jicho la kushoto la dada huyo lilikwisha kupofuka. La kulia, alisema daktari, lidungwe sindano kabla ya Jumamosi. Baada ya hapo hakuahidi kitu. Dawa ikitajwa kuwa dawa hudai kibali kinachochukua siku tatu. Vifaa vya maabara hutoka kwa siku moja. Mkono wake ukaandika vifaa vya maabara, kama ulivyozoea kuwaandikia watu baki.

Jumanne mfumo wa forodha ukalitupa sanduku njia nyekundu, ile ya kufunguliwa na kukaguliwa.

"Leo Kijani umeiva," mkaguzi alimtania huku akikata utepe. "Umekuwa mwekundu kabisa!" Alipoziona chupa, utani ulimtoka. "Hii maabara ya nani, mzee wangu?"

"Ya mdogo wangu. Ni jicho lake."

"Si ungesema tu?"

Sanduku likazuiwa ghalani likisubiri kibali cha dawa. Kijani alizunguka ofisi kwa ofisi, akabembeleza makarani aliokuwa akiwadharau, na Ijumaa asubuhi akashuka ghalani na kibali mkononi. Ilibaki siku nzima.

Mtunza ghala aliliteremsha sanduku kutoka rafu ya juu, chini kidogo ya bati. Lilikuwa la moto. Kibandiko cha kupimia joto, ambacho huwa cheupe, kilikuwa cheusi tititi.

"Chumba cha baridi si hicho hapo?" Kijani aliuliza. Mlango wake ulikuwa hatua kumi kutoka walipokuwa.

"Ndicho. Na ufunguo ninao." Mtunza ghala akakunjua tamko. "Nionyeshe palipoandikwa baridi."

"Kwenye sanduku pameandikwa, tena kwa herufi kubwa."

"Sanduku si hati, mzee. Nilipoanza kazi, nani aliniambia nifuate karatasi, nisifuate macho?"

Kijani alihesabu siku. Kama angeandika dawa, kibali kingetoka Alhamisi, na sanduku lingeisubiri Alhamisi hiyo kwenye baridi. Shehena nyingine ingefika baada ya wiki tatu. Akatia sahihi ya kupokea mali katika hali njema, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi ya hali nyingine.

Nyumbani, mdogo wake alikuwa mezani, amegeuzia mlango jicho la kulia.

"Kaka, imetoka?"

"Imetoka."

"Nilijua tu! Wewe hushindwi."

"Imetoka imeharibika."

"Nani kaiharibu?"

Majibu alikuwa nayo tele. Wateja walikuwa wameyapokea kwa miaka mingi bila kunung'unika. Kulikuwa na mfumo, kulikuwa na mamlaka, kulikuwa na mtunza ghala.

"Mimi," alisema. "Niliandika uongo ili iwahi."

Angependelea matusi. Mdogo wake alivuta kiti cha pili hadi dirishani, akakipapasa kuhakikisha kimenyooka.

"Basi kaa hapa penye mwanga," alisema, "nikutazame."

Akakaa. Mdogo wake akamtazama, wala hakuharakisha.