Albamu Mbili za Bendi Moja

Bendi yetu ya roki ilipovunjika, mimi na Mwenda tulitoa albamu, kila mtu yake. Juzi Wanji, aliyekuwa mpiga dramu wetu, alinitembelea Garissa ninakofundisha, tukazisikiliza zote mbili. Yangu ilikuwa na gitaa tupu. Ya Mwenda ilianza na wimbo wa dakika ishirini nilioutunga mama alipofariki. Niliangalia orodha ya watunzi, sikuona jina langu.

“Musembi, hii imeishinda yako,” Wanji alisema.

“Wimbo huo ni wangu.”

Aliinamisha kichwa. “Najua. Hizo dramu nilipiga mimi.”

Nilimfungulia mlango. Alitoka kwenye jua kali bila kuaga, nami sikumwita.