Wimbo Alioupiga Mkaguzi

Tangu mtandao uzimwe, msusi hakuwa na pengine pa kuisikia sauti ya mdogo wake ila kwenye simu yake mwenyewe. Mdogo mtu aliimba wimbo mmoja tu, wa kuwauliza wakubwa maji ya bomba yamekwenda wapi, wakamweka ndani. Kisha wakaguzi wakaanza kupita duka kwa duka wakipekua simu. Watu wakaufuta wenyewe kwa woga, hata wateja waliokuwa wakiuimba humuhumu saluni. Msusi aligoma. Binti yake, Kidoti, halali mchana bila sauti ya mama mdogo.

Siku hiyo alikuwa akimsuka mwalimu, nusu ya kichwa rasta, nusu bado timutimu, mkaguzi akaingia.

"Simu mezani, akina dada."

"Na kubisha hodi nako mmekupiga marufuku?" mwalimu akauliza.

Mkaguzi akajifanya kiziwi. Simu ya mwalimu ilikuwa safi. Akachukua ya msusi, kidole kikateremka polepole, kikasimama.

"Hii 'Somo la Kusuka' ni nini?"

Msusi hakuacha kusuka. "Ni somo la kusuka tu, afande."

"Tutasikia."

Basi, wimbo aliouficha kwa jina hilo umekwenda. Angeusikiliza, angeufuta, na Kidoti angekua bila kuijua sauti ile. Hapo ndipo msusi alipoikumbuka spika ya nje, ile ya kuitia wateja. Aliizima alipomwona mkaguzi akivuka barabara. Simu na spika zilikwishazoeana. Ukiiwasha tu, zinaungana zenyewe. Na swichi ilikuwa usawa wa kiwiko chake.

Alimtazama Kidoti aliyekaa sakafuni akipanga vitana. Nao wakimchukua mama yake je?

Akajinyoosha kama anayefuata uzi wa rasta, akaibonyeza.

Mkaguzi naye akabonyeza.

Sauti ya mdogo wake ikafumuka mtaa mzima. Muuza mitumba akaachia shati chini. Fundi viatu akasimama, kiatu mkono huu, simu mkono huu. Simu nyingine zikainuka dirishani.

"Zima!" Kwa papara mkaguzi akaongeza sauti badala ya kupunguza. "Nimesema zima!"

"Unamwambia nani, afande? Aliyeupiga ni wewe."

"Na umechagua vizuri," mwalimu akadakia.

Wimbo ukafika mwisho ndipo akafanikiwa kuufuta. Jasho linamtoka.

"Kesho kituoni!"

"Nitafika," msusi akasema. "Nitawaeleza kidole kilikuwa cha nani. Mtaa mzima umeona."

Mkaguzi akaondoka na simu ya msusi, na habari ya kituo hakuirudia.

Hata hajafika mwisho wa mtaa, fundi viatu akaingia ameshika simu yake.

"Nimeunasa wote, shemeji. Tena huu si ule uliokatazwa. Huu ni wa mkaguzi!"

Wakacheka mpaka mwalimu akashika kichwa chake cha nusunusu. Mchana huo wimbo ulipita simu kwa simu, bila mtandao wa mtu yeyote, na mvumo wa draya ya nywele ndani yake.

Kidoti akalazwa kwenye kochi. Mama mdogo akamwimbia kutoka simu ya fundi, na katikati mkaguzi akafoka: "Zima! Nimesema zima!"

Mtoto akainua kidole. "Zima!" akasema, akacheka.

Msusi akaongeza sauti.