Kosa la Inspekta Sefu

Inspekta Sefu aliinama, akapitisha kidole juu ya kovu lililochomwa kwa moto shingoni mwa ngamia aliyekufa, kisha akatabasamu. Sasa alimjua mwenye ngamia, na aliyemjua mwenye ngamia alimjua muuaji.

Nafiso aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Akaiweka karatasi mezani, akaisawazisha na nyingine kwa ncha za vidole, akatazama nje ya dirisha la darasa, ambako upepo wa mchana wa Garissa uliburuta vumbi kutoka upande mmoja wa kiwanja hadi mwingine na kulirudisha. Hasira yake haikuwa na kelele. Ilimfanya azungumze polepole, akichagua maneno kama mtu anayechambua mchele.

"Kidokezo hiki umekitoa wapi, Bwana Mwakio?"

Gibson Mwakio alikuwa ameketi kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yamemfika kifuani. Alikuwa Mtaita aliyehamia Nairobi zamani, mwembamba, mcheshi, mwenye vidole vilivyobadilika rangi kwa sigara. Yeye ndiye aliyembuni Inspekta Sefu na kumlea katika vitabu sita. Aliinua uso kwa furaha ya fundi aliyesifiwa.

"Gazetini. Habari fupi tu, pembeni mwa ukurasa. Ngamia aliyebeba risasi za mashifta, wale waasi wa kaskazini, alikutwa amekufa, ana chapa. Wanajeshi wakaifuata chapa hadi kwa mwenyewe, wakamkuta amelala na watoto wake. Nikasema, hii ni zawadi! Umeipenda, Mwalimu?"

"Anaitwa Keynan," Nafiso alisema. "Ni kaka yangu. Yuko kizuizini tangu mvua zilizopita."

Sigara ya Mwakio ilibaki hewani, nusu ya njia kuelekea mdomoni.

"Na chapa ile si ya mtu," aliendelea, kwa sauti ileile aliyotumia kufundisha hesabu za kugawanya. "Ni ya ukoo. Ngamia wa Keynan anayo. Wa jirani yetu anayo. Wa mtu aliyeko Hulugho, ambaye Keynan hajamwona maishani mwake, anayo. Kumkamata mtu kwa chapa ile ni kama kumkamata mtu mmoja kwa kuwa ni mrefu. Nilimwambia hivyo ofisa aliyemchukua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nimejifunza wapi Kiswahili kizuri namna ile."

Mwakio alishusha sigara, akaizima kwenye soli ya kiatu. Na Nafiso, aliyetarajia ajitetee, alikasirishwa zaidi na kujisalimisha huko, kwa sababu kulimnyima pa kupiga.

Hakuitafuta kazi hii. Mchapishaji wa Nairobi, aliyewahi kuchapa hadithi yake moja ya watoto, ndiye aliyempendekeza. Vitabu vitatu vya kwanza vya Sefu vilisomwa kila mahali, kwa vinyozi na kwenye treni, hata watu wakagombania nakala zilizochakaa. Cha nne kilisuasua. Cha sita kilirudi kutoka madukani kikiwa kimefungwa kwa kamba zilezile kilizotumwa nazo. Mchapishaji akatoa amri mbili: Sefu apelekwe kwenye vita vya kaskazini, na Mwakio atafutiwe mwandishi mwenza anayeijua nchi hiyo. Ikishindikana, Sefu azikwe.

Nafiso alikubali kwa sababu moja, na hakuificha hata moyoni mwake. Alikuwa ameshabisha hodi kwenye milango yote ya ofisi, na kila mmoja ulimwambia arudi. Kitabu kinaingia mahali asipoweza kuingia yeye. Pengine mtu mwenye uwezo wa kutia sahihi angekisoma akiwa kitandani, ajue kosa lililofanyika, aone haya. Sasa aliletewa kitabu ambacho kosa lenyewe limefanywa ujanja wa shujaa.

"Futa," alisema.

"Nikifuta chapa, sina kitabu."

"Basi nipe niirekebishe."

Aliirekebisha. Alikaa nayo siku kadhaa baada ya masomo, akaandika sura nzima ambamo mzee wa ukoo anamweleza Inspekta Sefu, hatua kwa hatua, maana ya chapa, nani huichoma, lini, na kwa nini mfugaji hamtambui ngamia wake kwayo bali kwa mwendo wake, unyayo wake na uzao wa mama yake. Hapakuwa na kosa hata moja ndani yake. Mwakio aliisoma akiwa amesimama. Alipomaliza aliikunja mara mbili.

"Kila neno hapa ni kweli," alisema, "na kila neno limekufa. Hii ni hotuba ya baraza, Mwalimu. Msomaji wangu amelipa nauli, anataka kusahau joto. Ukimwekea mzee wa kumfundisha, atamrusha dirishani, yeye na ngamia wake."

"Msomaji wako mjinga."

"Msomaji wangu amechoka. Si kitu kimoja."

Nafiso aliondoka bila kuaga. Alitembea hadi nyumbani jua likimchoma kisogo, na kila hatua alikuwa na jibu jipya la kumwambia, kali kuliko lililotangulia. Lakini alikuwa amezoea kupima hata asichokipenda, na alipofika mlangoni alijua kwamba Mwakio alikuwa sahihi. Sura ile ilikuwa ni yeye mwenyewe mbele ya ofisa. Ilieleza, ikasikilizwa, ikasifiwa Kiswahili.

Ndipo akachukua vitabu vyote sita na kuvisoma upya, si kama dada wa mfungwa, bali kama anayesahihisha mitihani. Alipofika cha nne aliona. Katika vitatu vya kwanza Inspekta Sefu alikosea mara kwa mara; kuanzia hapo hadi cha sita hakukosea hata mara moja. Alinusa, akagusa, akatabasamu, akakamata. Na kila aliyekamatwa alikuwa ndiye mkosaji.

"Mlete huyo mtu wako hapa kesho," mama yake alimwambia kwa Kisomali. Batula alikuwa ameketi mlangoni akikaza kamba za kitanda. Maneno mengi ya binti yake kuhusu vitabu yalimpita, lakini alijua uso wake. "Unamkasirikia mtu ambaye hujamlisha. Haifai, hooyo." Alimwita "mama", kama mama wa Kisomali anavyomwita mwanawe.

Mwakio alikuja akiwa amevaa koti, licha ya joto. Batula alimtazama juu hadi chini, akamkabidhi kibuyu cha maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, akatumia Kiswahili chake chote kwa mpigo.

"Kunywa. Wewe nakonda kama fimbo ya kuchunga. Tumbo kwanza, kitabu badaye."

"Mama, nasikia maziwa haya hukimbiza watu chooni."

"Hapana kimbiza mwanaume."

Akanywa, kwa uso wa mtu anayetoa ushahidi mahakamani, na Batula akacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua zilizopita. Nafiso aliliona hilo na hakujua amchukie nani kwa hilo.

Nyuma ya nyumba, ngamia jike wa jirani yao Alio alikuwa amepigishwa magoti kwenye kivuli. Ng'ambo ya uzio, ngamia wengine wachache walisimama wamebanana, mbavu zao zikihesabika, kwa kuwa watu wote walikuwa wamekusanywa kwenye vijiji vya serikali na mifugo haikuruhusiwa kufuata malisho. Mwakio alisogea karibu na jike yule. Kabla hajajua anachofanya, mkono wake ulikwenda shingoni, ukalipata kovu, kidole kikalifuata kama vile alivyoandika.

"Huyu ni wa Keynan?"

"Ya Alio," Batula alisema. Akanyoosha kidole ng'ambo ya uzio. "Ile ya Abdow. Ile ya mjane ya Abdow mwingine. Iko Balambala, iko Sangailu, mimi hapana jua jina." Alimtazama sawasawa. "Wewe nataka kamata yote?"

Mwakio alianza kucheka, kicheko cha mtu anayepokea utani, kisha kikamkauka. Aliangalia shingo moja, akaangalia ya pili, ya tatu. Mkono wake ulibaki pale shingoni mwa ngamia wa Alio kwa muda mrefu kiasi kwamba mnyama aligeuza kichwa kumwangalia anataka nini.

"Usifute chapa," Nafiso alimwambia.

"Ulisema nifute."

"Nilikosea. Iache. Mwache Sefu ainame, aguse, atabasamu, vilevile ulivyoandika. Usibadilishe hata nukta. Lakini kabla ya sura hiyo, mpitishe kisimani siku ya kunywesha. Ngamia mamia, wenyewe mbalimbali wakigombania zamu, na kila shingo ina kovu lile. Yeye anapita akifikiria kiu yake, hayaoni. Msomaji anayaona. Hakuna mzee wa kueleza. Hakuna atakayeeleza chochote."

"Kisha anamkamata asiyehusika."

"Kwa uhakika wote."

"Sefu hakosei, Mwalimu! Vitabu vitatu mfululizo!"

"Ndiyo maana cha sita kimerudi na kamba zake. Mtu asiyekosea hana anayemhofia. Msomaji wako hajachoka na joto, Bwana Mwakio. Amechoka na Sefu."

Mwakio aligeuka kama aliyepigwa kofi. Alitembea hadi kwenye uzio na kurudi, koti likiwa limemganda mgongoni, akasema maneno fulani ya Kitaita ambayo hayakuhitaji tafsiri. Kisha akaomba karatasi.

Waliandika kwa kupokezana, na hawakupendana zaidi kwa ajili hiyo. Mwakio alimfundisha kukata sentensi pale pumzi inapokatika, kumaliza sura mkono ukiwa bado kwenye kitasa. Naye Nafiso alimnyang'anya kila pambo: machweo mekundu, ngamia wenye huzuni, shifta mwenye jicho moja. Kulikuwa na mchana ambao hawakusemezana ila kwa kusukumiana kurasa. Hasira ya Nafiso haikupungua. Ilipata kazi tu, na akagundua kwamba alipoiandika kwa upole zaidi, ndipo Mwakio alipovuta sigara kwa haraka zaidi.

Walipofika sura ya mwisho waligombana tena.

"Hapa anagundua kosa," Mwakio alisema. "Anakwenda kizuizini mwenyewe, anafungua mlango, anamwomba radhi. Kitabu kinafungwa, watu wanalia."

"Hapana."

"Watu wanahitaji kulia."

"Mlango haujafunguliwa. Mimi nisaini kwamba umefunguliwa? Msomaji atalia, atalala vizuri, na kaka yangu atabaki alipo." Alichukua kalamu, akaandika aya moja, akaisukuma upande wa Mwakio. Ndani yake Inspekta Sefu, kesi imekwisha na amepongezwa, anapita tena kisimani siku ya kunywesha. Safari hii hana kiu. Anasimama. Ngamia mmoja anainua shingo kutoka majini, kisha mwingine, kisha mwingine, na mkono wa Inspekta unaingia mfukoni na kukuta ufunguo wa mlango wa kizuizini. Basi.

Mwakio aliisoma. Macho yake yaliyokuwa mekundu kwa moshi yakaanza kung'aa, na Nafiso, aliyekuwa ameshamjua vya kutosha, alijua linalokuja.

"Watanunua cha nane," alisema kwa mnong'ono. "Mungu wangu. Watapigania cha nane ili wajue kama anamtoa."

Nafiso aliirudisha aya upande wake, akaisoma tena. Kaka yake alikuwa amegeuzwa chambo. Na mkono uliomtia kwenye ndoano ulikuwa wake.

"Hatatoka katika cha nane," alisema. "Wala cha tisa. Atatoka siku Keynan atakapotoka. Kabla ya hapo Sefu atatembea na ufunguo huo mfukoni, popote utakapompeleka, kesi yoyote utakayompa, na kila kitabu kitaukumbuka. Hilo ndilo sharti langu. La sivyo andika peke yako, nami nitaandika gazetini kwamba hujui unachokiandika."

"Na kama ni miaka kumi?"

"Basi utatajirika."

Mwakio alimtazama kama anayetafuta utani ndani ya maneno yale. Hakuupata. Mwishowe akaitikia kwa kichwa na kuanza kukusanya kurasa, polepole, akizisawazisha kwa ncha za vidole.

Batula, aliyekuwa amekaa karibu akisubiri wanyamaze, aliuliza kwa Kisomali, "Mmemtoa?"

"Bado, hooyo."

Mama aliwaza. "Vizuri," alisema. "Hadithi ikiisha, watu husimama wakaenda zao."

Msafara wa malori ya jeshi uliondoka asubuhi. Nafiso alimsindikiza Mwakio hadi kwenye kizuizi cha barabarani, ambako mwanajeshi kijana alikuwa akipekua mizigo, akimwaga vikapu vya wanawake chini kwa mguu. Alifungua mkoba wa Mwakio, akatoa rundo la kurasa, akasoma jina juu yake.

"Wee! Sefu? Inspekta Sefu? Ndiye wewe Mwakio?" Akawaita wenzake. "Mimi nilisoma vyote, bwana, nikiwa shule! Sasa umemleta huku kwetu? Safi! Anawamaliza hawa mashifta?"

Alilisema neno hilo akimwonyesha Nafiso kwa kidevu, bila chuki, kama mtu anavyoonyesha kichaka. Nafiso hakusogea.

"Kuna mmoja anamkamata," Mwakio alisema.

"Kwa nini? Kafanya nini?"

"Ngamia wake ana chapa."

"Eeh!" Mwanajeshi alichekelea, akarudisha kurasa mkobani kwa heshima, bila kuzipekua hata moja. "Halafu?"

Mwakio alimgeukia Nafiso. "Mwalimu?" Lori la mbele lilikuwa limeshawasha injini.

"Halafu anamfungia," Nafiso alisema.

"Ndiyo, anamfungia. Halafu?"

Hakumjibu. Mwakio alipanda lori akiwa amekumbatia mkoba, msafara ukaanza kusogea kuelekea mtoni, na vumbi likafunga njia nyuma yake. Nafiso alikuwa ameshageuka kurudi shuleni alipomsikia tena yule kijana, akiinua sauti juu ya kelele za malori, tabasamu limeanza kumfifia usoni.

"Mwalimu! Halafu?"

Aliendelea kutembea. Mezani mwake, chini ya madaftari ya hesabu, kulikuwa na karatasi nyeupe aliyoandika juu yake mstari mmoja tu asubuhi ile: Inspekta Sefu aliamka, na kabla ya kufumbua macho alipeleka mkono mfukoni.