Dari la Ukumbi Mpya

"Leo nakutaja, mke wangu. Mbele ya watu wote," mumewe alimwambia asubuhi akifunga tai. Mke akaamini, akapiga pasi gauni lake la bluu mara mbili.

Mumewe ndiye yule msanifu majengo ambaye magazeti humwita Baba Majengo. Mke mwenyewe ni mhandisi, ila watu humjua kama mke wa fulani, basi. Dari la ukumbi uliokuwa ukizinduliwa, la mbao, lililopinda kama kiganja kinachokinga maji, alilipigia hesabu yeye, mkono mmoja ukimpakata mtoto akinyonya, wa pili ukishika penseli. Alilipinda makusudi: neno likinong'onwa jukwaani, lifike safu ya nyuma kabisa, na la nyuma lifike jukwaani vile vile.

Safu hiyo hiyo ndiyo waliyokalishwa yeye na wifi yake, mtoto kamlalia mapajani.

"Wifi, huku nyuma kama tumekuja kudandia sherehe!"

"Subiri. Ananitaja sasa hivi."

Baba Majengo akamshukuru waziri, akawashukuru mafundi, akamshukuru hata muuza kokoto. Makofi. Kipaza sauti kikazimwa.

Kasahau tu, akajipa moyo. Jukwaa linatisha.

Hapo mtangazaji wa redio akamsogelea mumewe pale pale jukwaani. "Nasikia mkeo naye mhandisi. Alikusaidia?"

Mumewe akacheka chini chini, akanong'ona. "Nani, yule? Ananichemshia chai nikichora. Ukimwita mhandisi anafurahi, basi namwachia."

Maneno yakapanda darini, yakateleza, yakashuka safu ya nyuma, safi kama yamesemwa sikioni. Wageni wakageuka kumtazama, kisha wakajifanya wanatafuta mikoba yao.

"Wifi yangu," wifi akamshika mkono. "Huyu kaka yangu ana wazimu?"

Yeye akainua macho darini. Dari hilo alishamweleza mumewe mara ngapi mezani, naye akiitikia "sawa, sawa" huku kidole kikicheza na simu! Angesikiliza hata siku moja, asingethubutu kunong'ona pale.

"Na hili dari limepindwa kwa nini?" mtangazaji akauliza.

"Aa, urembo tu."

Machozi yalimlengalenga, akayameza. Akamweka mtoto begani, akasimama, akasema polepole asije akamwamsha:

"Si urembo, baba. Tumekusikia wote."

Kule jukwaani Baba Majengo akashtuka, akageuka haraka kutazama nani amesimama nyuma yake.