Choo cha Nyumba ya Ujiji

Siku Leodgar alipopokea kodi ya kwanza ya nyumba yake ya Ujiji, hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipita mtaa wa Mwanga kwa fundi wa kuchomelea akaagiza geti. Si geti la hivi hivi. Alitaka lenye maua ya chuma na ncha zilizopakwa rangi ya dhahabu, mtu akipita barabarani ageuze shingo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, aliyoinunua kwa mkopo wa mshahara wake wa afisa ugavi. Aliyemuuzia alimwambia waziwazi, "Kila kitu kinavumilika isipokuwa choo. Shimo limechoka. Ukipata kodi ya mwanzo, anza nacho." Leodgar aliitikia kwa kichwa. Moyoni alijiambia choo kiko uani, nani atakiona?

Wapangaji walikuwa wawili. Shadia, mwanamke mjane aliyeuza dagaa kwenye mwalo wa Katonga, alichukua chumba cha mbele. Crispin, mwalimu aliyehamishiwa Kigoma kutoka Songea, alichukua vyumba vya nyuma pamoja na mkewe. Wote walilipa miezi sita kwa mkupuo. Geti lilimeza sehemu kubwa ya fedha hizo, na zilizobaki Leodgar alizitoa kwenye harusi ya mtoto wa bosi wake, jina lake likasomwa kwenye kipaza sauti, watu wakapiga makofi.

Mvua zilipokolea, Shadia akapiga simu.

"Kaka Leodgar, sakafu ya choo imetitia. Ukikanyaga inacheza."

"Fundi anakuja Jumamosi, dada."

Fundi hakuja, kwa sababu hakuna fundi aliyeitwa. Shadia alipopiga tena, Leodgar akasema yuko kikaoni. Baada ya hapo simu yake ikiita na jina la Shadia likatokea, aliilaza kifudifudi mezani mpaka inyamaze. Hatimaye ukaja ujumbe: "Choo kimezama chote. Mungu ametuepusha, hakukuwa na mtu ndani. Sasa tunajisaidia kwa jirani."

Aliusoma. Hakuwa na hata fedha ya kununua saruji, na kodi nyingine ilikuwa bado mbali. Hakujibu.

Basi mama yake, Honorata, akaja kutoka kijijini Simbo. Alikuwa amewaambia kina mama wenzake wa jumuiya kwamba mwanawe ana nyumba Ujiji, naye alitaka kuiona kwa macho yake. Leodgar angeweza kumzuia. Lakini akalifikiria lile geti, akaona mama ataridhika na mbele, wataondoka. Akaita bajaji.

Na kweli mama aliridhika. Alilipapasa geti kwa kiganja, akacheka peke yake. "Mwidiwe!" akasalimia kwa Kiha alipoingia, Shadia akaitika, kisha akaongeza, "Shikamoo mama, karibu ndani." Alimkalisha kwenye kiti chake kizuri, akampa chai ya tangawizi na maandazi. Hakugusia habari ya choo hata kidogo. Leodgar akaanza kupumua.

Mama alipomaliza kikombe cha pili, aliinama kwa Shadia. "Mwanangu, hebu nioneshe msalani."

Shadia alimtazama Leodgar. Leodgar alitazama sakafu. Nje manyunyu yalikuwa yameanza.

"Twende, mama," alisema Shadia hatimaye. Akachukua kopo la maji, akamfunika mama kanga kichwani, akamshika mkono. Walipita kando ya turubai lililotandazwa juu ya shimo, wakatoka getini, wakavuka barabara yenye tope mpaka kwa jirani, Mzee Mwinshehe.

Leodgar alibaki uani na Crispin, aliyekuwa kwenye baraza ya nyuma akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Crispin hakuinua sauti.

"Mke wangu ni mjamzito," alisema. "Giza likiingia namsindikiza huko huko na mwavuli. Yule mzee hatufungii mlango. Vinginevyo tungeshahama."



Mama alirudi miguu ikiwa imejaa tope mpaka kwenye vifundo. Alimshukuru Shadia, akaaga. Bajaji ilipoikaribia stesheni ya reli, alimgeukia Leodgar.

"Yule mzee aliuliza mimi ni mgeni wa nani," alisema. "Binti wa watu akamwambia, ni mgeni wangu. Alikuwa anakusitiri wewe." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Na mimi nikanyamaza, Leo. Niliona haya kusema wewe ni mwanangu."

Angemtukana, Leodgar angevumilia. Maneno hayo yalimwingia yakakaa.

Kesho yake alirudi kwa fundi wa Mwanga. Fundi alilinunua geti chini ya nusu ya bei aliyomuuzia, na Leodgar hakubishana. Lilipong'olewa, majirani walisimama kutazama. Aliweka mlango wa bati, uso ukimwaka. Kisha akavuka barabara.

"Shikamoo mzee. Mimi ndiye mwenye nyumba ile."

"Marahaba. Nakujua," alisema Mzee Mwinshehe. "Nilikuwa nakuona ukisimamia geti."

"Yule mama wa jana ni mama yangu mzazi."

Mzee akamsogezea kigoda. "Kaa basi," alisema.

Fedha ya geti ilichimba shimo na kulijengea. Zege la juu na kuta zilisubiri mshahara, na mwezi huo nyumbani kwake walikula ugali na dagaa mpaka mkewe akauliza kulikoni, naye akamweleza yote. Aliwaomba radhi wapangaji ana kwa ana. Shadia alikubali kubaki. Crispin alihama siku chache kabla choo hakijakamilika. "Si kwa ubaya, kaka. Mke wangu amechoka," alisema, na Leodgar akamrudishia kodi iliyobaki kidogo kidogo. Vyumba vya nyuma vilikaa vitupu muda mrefu, kwani habari za nyumba isiyo na choo zilikuwa zimeshaenea mtaani.

Siku hizi kodi ikiingia, kwanza hutenga robo yake katika akaunti ya matengenezo asiyoigusa kwa shughuli nyingine. Bado akikutana na Crispin sokoni huona uso ukimshuka, ingawa mwalimu humsalimia vizuri na kumwonesha picha za mtoto.

Juzi Shadia alimpigia simu kumwambia kwamba bati la jikoni limeota kutu na linadondosha maji. Leodgar alitoka kazini akaenda na fundi alasiri hiyo hiyo, akapanda mwenyewe kulikagua. Shadia hakumsifu wala hakumlaumu. Alishika ngazi kwa mikono miwili, isiteleze.