Bibi Aliyeziba Namba ya Nyumba

Asubuhi ya Jumanne, Lyle Haverkamp, muuza matairi, alisimama kwenye maegesho ya magari katikati ya Los Angeles, mkononi ana picha aliyoitoa kwenye sinema ya kuchekesha ya enzi zile sinema hazijapata sauti. Siku za mapumziko yake ziliishia humo, kutafuta mitaa halisi walimokimbia wachekeshaji wa zamani. Hulinganisha dirisha na dirisha, ufa na ufa, kivuli na kivuli. Ghala la matofali ng'ambo ya barabara lilikuwa na ufa ule ule wa kwenye picha.

"Ni hapa hapa," alisema.

Consuelo Baeza, mama mwenye mvi aliyesimama kando yake, alimtazama kwa jicho la pembeni. "Na wewe unapata nini?"

"Raha tu, mama."

"Raha! Mzungu gani aliwahi kuja mtaa huu kwa raha?"

Alikuwa na haki ya kushuku. Bibi yake, Refugio, alifukuzwa hapa na wanaume wenye karatasi, nyumba ikabomolewa, na sasa kampuni ya maegesho inaapa mahakamani kwamba nyumba haikuwahi kuwepo. Consuelo anadai kiwanja. Kwenye picha mchekeshaji anakimbia, kundi la polisi linamfuata, na nyuma yao Refugio yuko mlangoni na ufagio. Kichwa chake kimeziba namba ya nyumba, na namba hiyo ndiyo ingethibitisha kwamba nyumba ilikuwepo.

Jioni waliiweka sinema jikoni kwa Consuelo, maharage yakichemka. Mchekeshaji akapita, polisi wakapita. Refugio akaacha kufagia, akamkazia macho Haverkamp. Midomo yake ilicheza bila sauti, kisha ikaja kadi nyeusi yenye maneno meupe, kama ilivyo desturi ya sinema hizo:

"HUYO NAYE KATUMWA NA NANI?"

"Sijatumwa, mama," Haverkamp alijibu, akaweka kikombe chini.

"Bibi, ni mimi Consuelo, mtoto wa Lupe wako," alisema Consuelo. "Sogea kidogo, namba ionekane."

"LUPE ANA MIAKA MITATU. WEWE KIKONGWE UNANIITA BIBI?"

"Bibi, tafadhali. Tunataka namba tu."

"HATA WABOMOAJI HUANZA NA NAMBA."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Consuelo alishikwa na uchungu, kwa sababu yeye mwenyewe angejibu vivyo hivyo. Akainuka kuangalia maharage. Sufuria ilifunikwa kwa sahani ya udongo yenye maji. Akayamimina kwenye maharage yale maji yaliyokwisha kupata moto, akajaza mengine kwenye sahani.

"NANI KAKUFUNDISHA KUTOTIA MAJI BARIDI?"

"Mama, Lupe wako. Alisema utamchapa akiyatia."

Refugio alimtazama sana, kama mtu anayepima kitambaa asichokiamini. Kisha akasogea. Namba ilikuwa 418, na Haverkamp akaipiga picha.

Mahakamani hakimu aliitazama sinema yote, akacheka mchekeshaji alipoteleza. Wakili wa kampuni, aliyekuwa ameapa kwamba hapakuwa na nyumba, alisimama tena bila hata kukohoa. Akasema kwamba nyumba ilikuwepo, sawa, na mwenye nyumba ameonekana akiiacha.

"Mama huyu wa kwenye sinema alishikwa mkono?" hakimu aliuliza.

"Hapana," alisema Consuelo.

"Alisukumwa?"

"Aliombwa. Na mimi. Nilimwomba mimi, mheshimiwa!"

"Aliombwa aondoke mlangoni, akaondoka. Basi aliondoka kwa hiari." Akagonga meza, na kiwanja kikabaki kwa kampuni.

Consuelo alirudi nyumbani akiwa na hasira. Aliiweka sinema amwombe bibi yake radhi. Refugio hakuwemo. Ufagio ulikuwa chini, mlango wazi.

Siku hizi ukiitazama sinema hiyo, mchekeshaji anakimbia peke yake mpaka mwisho wa mtaa, anageuka nyuma, haoni mtu. Polisi wote wamemwacha, wameingia namba 418, na watu ukumbini wanacheka.