Repo Zilizobaki Ndani

Wifi yangu, mke wa kaka, kazi ofisini kwetu nilimtafutia mimi. Fadhila ya punda mnaijua. Hajamaliza hata mwaka, bosi akaanza kusema huenda uongozi wa timu atampa yeye. Kiti hicho nimekikodolea macho miaka yote!

Mradi wetu ulikuwa unahamia seva mpya. Umejaa repo ndani ya repo: ghala la programu, ndani yake ghala jingine, na humo tena mengine. Kila repo ilipaswa kuorodheshwa, maana itakayosahaulika ingebaki seva ya zamani na kufutwa. Skripti yangu, programu fupi ya kazi hiyo, iliorodhesha watoto, yaani repo za ngazi ya kwanza, ikaishia hapo. Ya wifi, mistari michache tu, ikashuka hadi kwa wajukuu na vitukuu. Bosi akapiga makofi. Wivu ukanijaa.

Mchana nikaipekua skripti yake kama mama mkwe anayekagua masufuria. Nikapata! Repo ambayo hajaipakua kwenye kompyuta yake ni folda tupu. Skripti iliitaja jina, ikapita, na zilizomo ndani hazikuorodheshwa. Sehemu nzima ya ripoti za wateja ilikuwa humo.

Nilifurahi, sifichi. Nikafunga mdomo, nisubiri kikao cha asubuhi aumbuke mbele za watu.

Kikaoni nikasimama, nikalionyesha kosa kwenye skrini ya ukutani. Wifi akashika kichwa.

"Wee! Asante wifi, leo ningeaibika mie."

Akavuta kompyuta, akaongeza mstari wa kupakua kila repo kabla ya kuingia ndani yake. Zilizojificha zikajitokeza zote.

Bosi alikuwa ananitazama mimi. "Uliliona lini?"

"Jana mchana."

"Seva ya zamani inafutwa leo, na wewe ukalala nalo?"

Wifi akadakia, "Bosi, usimlaumu. Jana alitaka kuniambia, mimi ndiye niliyekuwa na haraka."

Uongo mtupu. Meza zetu zimegusana, na kutwa nzima sikumwambia neno. Alijua nilimficha makusudi, na alijua kuwa najua.

Kiti alipewa yeye. Hilo ningelimeza. Lakini kanisitiri mbele za watu, tena kwa upole, na sasa hata kumsengenya kwa kaka siwezi.